Hakuna Aliyetaka Kunitangulia

Mjukuu wangu Idi,

Salamu zako za Calgary zimefika hapa Scarborough. Mama yako hajambo, theluji imejaa mpaka mlangoni. Bibi yako anakuulizia sana, nami nimemkumbusha kwamba mume wake ni mmoja tu.

Umeniuliza, manesi wanakuja kazini kwenu kuchanja mafua na kupima presha, wewe kijana mwenye nguvu uende ya nini? Nguvu hizo umezitoa kwangu. Kwenye kiwanda cha mikate hapa hapa, hakuna aliyebeba gunia la unga kama mimi. Mwaka mmoja nesi alipokuja, nilikaa na chai yangu. Waswahili wenzangu nao wakakaa. Nikamwambia mmoja wao, Mahmudu, "Wewe si unalalamika kichwa? Nenda." Akasema, "Nikutangulie wewe, kaka mkubwa? Sina adabu?"

Kumbe wote walikuwa wananisubiri. Basi nikainuka, nikakunja mkono wa shati, nikamwambia nesi achague sindano nene. Mahmudu akafuata. Presha yake ilimtisha nesi, akapelekwa hospitali papo hapo. Daktari alisema angechelewa kidogo tungemzika. Jana alikuwa hapa, kamaliza sambusa zetu zote.

Mafua ya mwaka ule hayakunigusa. Bibi yako anasema ni sindano, mimi nasema ni mwili wangu, na sibadilishi. Lakini wewe sasa ni msimamizi, Idi. Siku hiyo ya manesi chai yako iache ipoe.

Babu yako,
Mzee Hamisi