Maji Aliyoyaacha Kaka Yako

Wifi yangu,

Sisi wazima, ila nyumba imepoa. Tangu tumzike kaka yako sikugusa bwawa lake la kuogelea, na mwani ukaota kwenye kuta zote. Mdogo wenu alipokuja akasema, "Shemeji, mwaga maji haya, ujaze mapya."

Nikamjibu, "Kamwage chai yako! Haya ndiyo maji ya mwisho aliyoogelea mume wangu."

Akacheka, kisha akavua viatu. Tukasugua kuta kwa brashi, tukatia klorini. Kijani kikarudi. Tukasugua tena, tukaongeza dawa, maji yakawa kama ya kuoshea mchele.

Leo sakafu inaonekana. Maji ni yaleyale, wifi. Mimi sijui kuogelea. Njoo uingie wewe, kabla mvua haijayachanganya.

Wifi yako, anayekungoja