Mguu wa Baba Unarudi Newala

Jumatatu, 1 Agosti 1994. Masasi.
Uji wa Baba, kufundisha shuleni, kisha wodini tena. Leo nimebeba glovu na pamba. Siku hizi mgonjwa anajinunulia kila kitu. Zamani ulikwenda hospitali na kanga yako tu. Kidonda kimekataa kupona, sukari imemla hadi kifundoni. Kesho wanakata mguu wa kushoto, chini ya goti. Baba hakubisha. Ameomba jambo moja: mguu ukazikwe Newala, pembeni ya kaburi la Mama. Kaniambia mbele ya daktari, "Mama Zuhura, usiniache nusu huku Masasi." Daktari kaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 2 Agosti.
Amekatwa. Yu hai. Alhamdulillahi.

Jumatano, 3 Agosti.
Nimekwenda na shuka jeupe kuuchukua mguu. Haupo. Umepelekwa chuo cha waganga wa hospitali, wanafunzi wajifunzie. Hakuna aliyetuuliza. Daktari anasema kikishakatwa ni cha hospitali, ndio utaratibu. Utaratibu wa nani? Hata kuku akichinjwa, firigisi ina mwenyewe! Nimemwambia hivyohivyo. Nina hasira. Baba sijamwambia.

Alhamisi, 4 Agosti.
Muuguzi mkuu, Mama Agnesi, kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kamleta daktari kitandani kwa Baba. Kijana wa watu kaamkia shikamoo, kavuta kigoda, kaeleza alichofanya, kaomba radhi. Halafu akaomba mguu. Safari hii akaomba kweli: wanafunzi wabaki nao mpaka siku atakayoruhusiwa Baba, kisha tukabidhiwe. Nilitaka Baba akatae. Akasema, "Ungeniuliza mwanzo, ningekupa. Sasa walete hao wanafunzi, wajue ni wa nani."
Nimeudhika naye. Nimeondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi, 6 Agosti.
Wanafunzi wamezunguka kitanda, na Baba kama bwana harusi, akiwasimulia mguu wake. Kovu la kwenye muundi ni la panga, alipofyeka shamba lake la kwanza la mikorosho. Vidole vilivyotawanyika ni vya mteremko wa kwenda bondeni kuteka maji, Mama akiwa na mimba yangu. Unyayo mgumu ni wa Newala hadi Nanganga kwa miguu, kumposa Mama. Alikwenda mara mbili, maana mara ya kwanza walimkataa. Hili sikuwahi kulisikia. Miaka yote hii!
Nimelia uani. Nimekumbuka nyumba yetu msimu wa korosho, magunia hadi mlangoni, na mimi kitandani nikimtambua Baba kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Sitazisikia tena.

Jumamosi, 27 Agosti. Newala.
Tumezika asubuhi. Waliofika hawakujua waseme nini. Mmoja katoa pole, mwingine hongera. Wajomba walikuwa wamechimba katikati kabisa ya nafasi iliyo pembeni ya Mama. Baba, juu ya kiti, alichungulia akacheka. "Na mimi mwenyewe mtanilaza wapi?" Wakafukia, wakachimba upya kule miguuni, upande wa kushoto.
Watu walipotawanyika nilibaki kusawazisha udongo. Nafasi iliyobaki inamtosha. Niliikanyaga bila kukusudia, nikaruka pembeni. Baba hakuona. Alikuwa anaulizia chai.