Siku Ulipomwinamia Njeru

Mpendwa Baba,

Bado nawasha taa ya samli kila asubuhi mbele ya picha ya Krishna kabla ya kufungua duka. Shanga ulizoniachia ulipotutoka ndizo ninazotumia kutaja jina lake, mara mia na nane, wala siruki hata moja. Mtu akinitazama atasema mwanao amenyooka. Nakuandikia kwa sababu sijanyooka.

Unakumbuka siku ulipomkemea Njeru kuhusu funguo za stoo? Ulimwita mzembe mbele ya wateja, kisha ukazipata mfukoni mwako. Hukungoja watu waondoke. Ulitoka nyuma ya kaunta, ukainama, ukamgusa miguu kama sisi tunavyowagusa wazazi wetu. Njeru aliruka nyuma akidhani umeangusha kitu. "Mzee, wacha hiyo, watu wanaona," alisema. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni nilikuuliza kwa nini tajiri amwinamie mfanyakazi wake. Ukasema, "Kumwinamia Mungu asubuhi ni rahisi. Hapo hakuna mnunuzi wa misumari anayetutazama."

Mwezi uliopita mteja alirudisha rangi, kijani badala ya krimu. Nilimfokea Njeru mpaka wapita njia wakachungulia. Nilimwambia uzee umemharibu macho. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaenda kijijini kwake Manyatta. Jioni nikaiona karatasi ya oda. Namba ya rangi ilikuwa kwa mwandiko wangu.

Siku kumi na mbili nilivuta shanga zako, Baba, nikijiambia atarudi mwenyewe. Nilijua ni kiburi na bado nilikaa nacho. Siku iliyofuata nilienda. Nilimkuta akimkatia ng'ombe wake majani. Nikageuka kwanza kuangalia kama kuna jirani barabarani. Hakukuwa na mtu, nikainama.

Njeru akarudisha miguu nyuma.

"Kijana, hapa ni mimi na wewe na ng'ombe," alisema. "Huyu hakusikia venye uliniita. Watu wa duka ndio walisikia."

Nilimwomba aje Jumamosi. Nilirudi dukani Embu nimemkasirikia, nikimwona anajifanya. Kumbe aliyekuwa akijifanya ni mimi.

Alikuja saa nne, duka likiwa limejaa, na yule mteja wa rangi alikuwapo. Nilibaki nyuma ya kaunta. Nilikuhitaji sana dakika ile, Baba, nikatamani utoke nyuma ya kaunta uiname kwa niaba yangu. Mwishowe nilitoka, nikasema kwa sauti kwamba kosa lilikuwa langu, nikamgusa miguu. Safari hii hakuirudisha nyuma. Aliuliza tu aproni yake iko wapi.

Ningependa kukuambia kwamba umimi umekwisha. Lakini Jumatatu nilijikuta nikimsimulia mteja mwingine jinsi nilivyoinama bila aibu mbele ya watu wote. Njeru, aliyekuwa akipanga mikebe ya rangi, alikohoa kidogo. Nikaikatiza hadithi, nikaenda kumsaidia kupanga.

Kesho nitaiwasha taa tena.

Ni mimi mwanao, ambaye bado anajifunza kuinama.