Risasi Iliyoingia Bila Kukwama

Hewa Bora, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa Yaya Hortense, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo wewe, shemeji na watoto wote huko Kalemie. Mgongo wako unaendeleaje? Mke wangu Edith ameniambia bado unasimama kutwa nzima pale hospitali. Pumzika kidogo, dada yangu. Wagonjwa hawataisha hata ukijiua. Sisi hapa tu wazima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Baridi imeanza, vumbi limetuvamia, na mafua yamezunguka nyumba nzima isipokuwa mimi, ambaye ndiye niliyestahili kuugua.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mwezi huu nimekupigia mara tatu, na kila ulipopokea nikaishia kukuuliza bei ya samaki. Sauti yako inaninyamazisha. Basi naandika, na jirani yetu Maman Sephora, anayekuja huko kwa harusi, atakukabidhi barua hii mkononi.

Yaya, ni habari ya mkono wa Gauthier, mdogo wako. Kosa ni langu. Si la bastola, si la marehemu, si la wachawi. Ni langu mimi.

Unajua sehemu uliyosimuliwa, maana mvua ya mwezi wa kwanza ilikuzuia usifike mazikoni. Tulikuwa tunamzika baba yangu, mjomba wenu, kule kijijini upande wa Kinsevere. Alikuwa mwindaji, na kwetu mwindaji hazikwi kimya: mpwa wake, yule atakayerithi jina lake, hupiga risasi juu kabla udongo haujafunika sanduku. Bunduki yake ya kuwindia ilikwisha kuoza zamani. Ilibaki ile bastola kuukuu aliyoachiwa na mwenye shamba alilokuwa akililinda, pamoja na karatasi zake za kibali. Risasi za kuipigia ndizo hazikuwepo. Nikajitia kimbelembele, nikasema nitazitafuta mimi. Mtu mmoja wa Mokambo akaniletea sita, mpya, zinang'aa.

Kwenye mtutu wa bastola kulikuwa na maandishi, na kwenye kitako cha risasi kulikuwa na maandishi mengine. Hayakufanana. Niliyaona, Yaya. Niliyaona mchana, nikiwa na miwani machoni.

Lakini unanijua, Chomba wa "nimepima". Miaka ishirini na minane nakereza vyuma, na hakuna tundu lililowahi kunishinda. Nikatoa pied à coulisse, kipimo changu cha unene na upana, nikapima unene wa risasi, kisha upana wa vyumba sita vya lile pipa linalozunguka. Vililingana. Nikasukuma risasi moja kwa kidole, ikaingia polepole bila kukwama, na mbele haikuchomoza hata kidogo. Nikafurahi kweli, nisikufiche.

Gauthier alikuwa na ganda moja la zamani la mjomba wake. Akalisimamisha kando ya risasi mpya, akatazama, akaniita kando kwa adabu yake ile unayoijua, ya kumwita kila mkubwa wake yaya.

"Yaya Chomba, ganda ya hii ya mupya iko murefu kupita ya zamani. Kweli iko bien?"

Nami, mbele ya watu wa matanga, nikamjibu kwa sauti: "Mupwa wa muwindaji anaogopa cartouche? Nimepima. Pied à coulisse haidanganyake!"

Watu wakacheka. Akaona haya, akaipokea. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile aliyesikia la mkuu ndiye aliyevunjika.

Pale kaburini, ilikuwa risasi ya kwanza tu. Lile pipa lilifunguka ubavu, na vidole viwili vya mkono wake wa kuume vikaenda. Wewe muuguzi, sina haja ya kukueleza zaidi. Tangu hapo Gauthier, fundi cherehani yule aliyekushonea gauni la ubatizo wa mwanao, hawezi kushika mkasi.

Wiki mbili baadaye nilipeleka vipande kwa mzee Ngosa, aliyekuwa fundi wa silaha jeshini. Aliviangalia kwa muda mfupi, kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba bastola nyingine zina kizingiti ndani ya chumba, kinachoizuia risasi ndefu isiingie mahali pasipo pake. Hii ya baba ilitobolewa moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo inapokea hata isiyoweza kuistahimili. Risasi niliyonunua ilikuwa na unene uleule, lakini nguvu yake ilitengenezewa chuma kigumu zaidi. "Ulipima tundu," akasema, "nani alikupimia moto?"

Mwambie shemeji naye, kwa sababu najua ana ile bastola ya marehemu babake: kuingia si kufaa. Maandishi ya mtutu na ya risasi yawe yaleyale. Yakiwa yamefutika, asijaribu kubahatisha. Aipeleke kwa fundi wa silaha, ikiwa tupu. Nasikia aibu kutoa fundisho, lakini afadhali aibu.

Sasa linaloninyima usingizi. Damu ilikuwa bado mbichi Mama Nkandu, dada mkubwa wa baba, aliposema kwamba marehemu amemkataa mpwa wake, kwamba bila shaka Gauthier alimkosea mjomba wake kwa siri. Watu wote wakaitikia. Ningesema neno moja tu pale. Badala yake nikaendelea kumega tonge la bukari ya matanga. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho hiyo imefikisha miezi mitano. Nawe uliamini, sikulaumu; ulimpigia ukamtaka aungame alichomfanyia mjomba, na tangu siku hiyo hujampigia tena. Amepoteza vidole, akapoteza dada, na jina atapewa Nono, ndugu yetu mdogo, naye mpwa wa baba, Jumamosi ijayo.

Hakumkosea baba hata siku moja, Yaya. Ndiye aliyemwogesha alipolala kitandani, wakati mimi mwanawe nilisema nina kazi nyingi.

Jana nilikwenda kwa Mama Nkandu nikapiga magoti, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa. Alinitukana hadi akachoka, kisha akalia. Amekubali kuwakusanya wazee, na nitayarudia mbele yao wote. Sijui kama watamrudishia Gauthier jina. Watu wengine wanapenda zaidi kumsikia marehemu kuliko kumsikia fundi.

Kutoka hapo nikaenda kwa Gauthier. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, hata kofia niliiacha nyumbani. Nilipomaliza aliendelea kunyoosha kitambaa kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema: "Niliyua tangu siku ile ni cartouche, yaya. Nilikuwa nakungoya useme."

Ukiwa na nguvu za kunisamehe, usizitumie kwangu kwanza. Mpigie yeye.

Edith anakusalimu sana, na binti yetu Tracy anauliza utakuja lini. Msalimie shemeji, uwabusu watoto. Mama Nkandu anakuombea. Gauthier nilimuuliza kama ana salamu za kukutumia, akasema hapana, zake atakupa mwenyewe siku utakapopiga. Simu yake haizimi.

Bwana akulinde, aulinde na mgongo wako, akujalie moyo mpana kuliko wangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye aibu,
Chomba