Kwa Nini Ninafumba Macho Garini

Mdogo wangu Zuhura,

Umra nimeimaliza salama, na magoti bado yananibeba. Jana mjukuu wetu Rukia alinipeleka kula samaki wa kukaanga Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Tukirudi, yeye akiendesha, tulipita kando ya uwanja wa mbio za magari. Nikafumba macho.

"Nyanya, usiogope, napunguza mwendo."

"Yalla, kanyaga mafuta!" Alicheka hadi akapitiliza njia ya kwake.

Nikwambie kabla moyo huu haujasimama. Miaka yote umewaomba madereva waende polepole kwa ajili yangu, na mimi siogopi gari. Yule Mwingereza niliyekuwa karani wake Nakuru, mwanamke pekee aliyeshindana na wanaume katika mbio za magari, kabla ya kila mbio alikuwa akifumba macho na kuipita kila kona akilini. Alinifundisha. Niliona haya kusema, hata baadaye nilipokuwa mwalimu mzima, kwamba nautamani usukani. Basi nikashindana kimyakimya akilini huku mkinihurumia.

Sasa kifua ni chepesi. Nibusie watoto, nawe ule vizuri. Na siku nikiyafumba macho kabisa, usidhani naogopa.

Dada yako,
Salma