Chupa Tatu Sandukuni

4 Machi

Mama, shikamoo. Mimi sijambo, cherehani tu inanivunja mgongo. Vipi miguu, na biashara ya barafu?

Uliniuliza sindano zinafanya nini. Daktari wa huku kanieleza hivi: chakula kinageuka sukari, sukari inaingia kwenye damu. Lakini kwenye nyama ya mwili haiingii yenyewe, insulini ndiyo inayoifungulia. Kongosho lako limeacha kuitengeneza, sindano ndizo zinazokuletea. Ndiyo maana unakula na bado unakonda: damu imejaa sukari, mwili unashinda njaa. Usiruke sindano hata siku moja, mama yangu.

Mwanao, kifungua mimba

19 Machi

Kifungua mimba wangu, marahaba. Mimi mzima, ila kiu hii! Namaliza ndoo kama ng'ombe, na msalani siishi kwenda. Sindano sijaruka, naapa.

Muuguzi alisema dawa ikae baridi. Mimi, muuza barafu miaka ishirini, nifundishwe baridi? Thubutu! Chupa zote tatu nimezizika sandukuni, katikati ya mabonge. Zinaganda kama jiwe, nikitaka kujidunga naiyeyusha moja kwapani. Cheka tu.

Nguo zote zinanipwaya. Nishonee gauni dogo.

Mama yako, Bibi Barafu

2 Aprili

Mama, shikamoo. Habari nyingine baadaye. Tupa chupa hizo leo hii! Insulini ikishaganda imeharibika. Ukiiyeyusha unaiona ileile, kumbe haifungui kitu. Inataka ubaridi wa mtungi, si wa barafu. Kosa ni langu, nilikueleza kazi yake nikasahau kukueleza inavyotunzwa.

Kimbia zahanati na barua hii mkononi, hata duka usifunge. Najua ubishi wako. Nakuomba, mama.

Mwanao

16 Aprili

Mama,

Shikamoo nimeitoa mlangoni, hakuna aliyeitikia. Habari ya jirani ilinikuta mashineni. Anasema ulitapika siku mbili, ukawa unahema kama uliyekimbia, kisha ukalala usiamke. Walikuzika kabla sijafika.

Barua yangu nimeikuta chini ya mlango, haijafunguliwa. Sandukuni barafu yote imekuwa maji, na chupa mbili zimezama humo. Nimezibana kiganjani mpaka vidole vikafa ganzi. Nina hasira na wewe, na mimi nina hasira na nafsi yangu zaidi.

Gauni nimekuja nalo. Nililishona dogo ulivyotaka, ila kwenye mishono ya ndani niliacha kitambaa kingi, nije nilipanue ukinenepa.

Mwanao