Nobu ya Sita

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji, na yule mpwa wangu ambaye nasikia siku hizi anang'ata kila kitu hadi miguu ya meza. Kikohozi chako kimeisha? Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, isipokuwa magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Mimi mwili ni mzima, ila akili haijarudi mahali pake tangu Jumanne. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ningebabaika, nawe ungenicheka. Tafadhali kaa kitako kwanza.

Bado nipo kwenye karakana yetu ya vinanda nyuma ya duka la viatu. Jumanne aliingia mzee mmoja mcheshi, zamani alikuwa mpiga ngoma wa bendi, amekumbatia sintesaiza ya kale iliyoviringishwa blanketi. Kinanda cha namna hiyo hakina sauti iliyorekodiwa ndani. Umeme wenyewe ndio unaoungurumishwa mpaka uimbe. Juu yake kulikuwa na sikwensa, safu ya nobu nane kama ile ya kuongezea sauti ya redio. Kila nobu inashika noti moja, na kijitaa kinatembea kutoka ya kwanza hadi ya nane kisha kinarudi mwanzo, hivyo kinanda kinajipiga chenyewe. Kumbukumbu hakina. Wimbo unakaa pale nobu zilipoachwa, na ukizizungusha tu umekwenda na maji.

Mzee alieleza kwamba kinanda si chake. Aliachiwa na mwenzao wa bendi ambaye walipotezana naye, na tangu wakati huo hajamruhusu mtu kugusa zile nobu. Alitaka niuhamishie wimbo kwenye mashine mpya, hizi za siku hizi zinazokumbuka kila kitu, kabla kikongwe hakijakata roho.

Nikajisemea kazi yenyewe ni ya kuku kumeza punje. Nikawasha, nikasikiliza noti moja moja na kuziingiza kwenye mashine mpya. Ya sita ilikuwa chini kidogo ya mahali pake. Vyombo hivi vikiwa baridi sauti hupotoka, na vikizeeka ndiyo usiseme, kwa hiyo nikafanya ambalo fundi yeyote angefanya, nikaisahihisha kwenye ile mpya bila kugusa nobu. Mashine mpya ikapiga wimbo mzuri, ulionyooka, ambao sikuwahi kuusikia popote. Nikaenda kuchukua chai kwa raha zangu, nikakiacha kikongwe kipate moto.

Niliporudi nikakipandisha sauti ili nilinganishe. Noti ya sita ilikuwa bado iko chini, pale pale. Dada, kikombe kilinitoka mkononi! Alikuwa Mama. Mama akipiga pasi, Mama akianika nguo, ule wimbo wake usio na maneno, na pale pale ambapo mimi na wewe tulikuwa tukimcheka tangu utotoni, tukimwambia ameteleza tena. Uliponyooka sikuutambua. Nilipousikia na kosa lake, niliujua papo hapo.

Mama yetu huyu huyu! Aliyezima redio kila tulipoiwasha, akisema nyumba yake si kilabu. Aliyekwambia mlangoni, mkoba ukiwa begani, kwamba ukifuata uimbaji usirudi. Nilimuuliza mzee, aliyekuwa bado anasubiri, huyo mwenzao alikuwa nani. Akacheka, akasema ni binti waliyemwita Vidole, maana kwenye kinanda hakuna mwanamume aliyemfikia. Nikakaa juu ya boksi la spika.

Kesho yake nilimwomba Mama aje aone ninapofanyia kazi, bila kumwambia zaidi. Alipoingia wimbo ulikuwa unapiga. Akasimama mlangoni, pochi ikamwanguka. Mzee, ambaye naye nilimwomba awepo, akaita Vidole, na Mama akaitika. Aliitika, Dada, kwa sauti nisiyoijua! Nilidhani atalia. Badala yake akavuta kiti, akaanza kupiga juu ya ule wimbo kwa mikono ile ile inayotukunjia mashuka.

Nikataka kujisifu, nikamwashia mashine mpya asikie nilivyoutengeneza wimbo. Akaniambia nimeuharibu. Ndipo alipotoa lililokuwa moyoni, nami nakuandikia alivyosema. Ile nobu ya sita hakuiweka yeye, uliiweka wewe. Ulikuwa bado hujatembea, alikupakata kwenye mazoezi, ukanyoosha mkono ukaizungusha, na sauti iliposhuka ukacheka mpaka ukapata kwikwi. Akaiacha hivyo. Muda mfupi baadaye bendi ilipata safari ndefu, wakamwambia mtoto hana nafasi kwenye gari. Akakuchagua wewe. Hakutaka kusikia muziki tena, kwa sababu kila akiusikia vidole vilimuuma. Siku ile mlangoni, alisema, hakumwona binti mkaidi, alijiona mwenyewe, akaogopa kwamba siku moja nawe utaambiwa uchague. Ilikuwa hofu, ikatoka kama hasira, na hajui namna ya kuirudisha. Miaka yote hii alikuwa akiimba tu, noti yako ikiwa ndani.

Mzee amemrudishia kinanda chake, sasa kipo sebuleni karibu na meza ya pasi. Jana nilitaka kuisafisha ile nobu kwa sababu inakwaruza. Mama akanichapa mkono, akasema ina mwenyewe.

Basi, nisalimie shemeji, na mpwa wangu mpe busu, meno yake akiyaficha. Mama hajasema uje, unamjua. Ila ameweka viti viwili mbele ya kinanda, na nikikaa kwenye kile cha pili ananiinua.

Mdogo wako,
Kitindamimba